Mali kwa Mchango, Deni kwa Nusu

Tarehe 16 Januari 2014 ilianza kutumika nchini Kenya Sheria ya Mali ya Ndoa, iliyopitishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka uliotangulia. Ndani ya sheria hiyo kuna tamko fupi lisilovuta macho ya wengi, lisemalo kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa haitatumika tena Kenya. Maana yake ni kwamba nchi iliyopata uhuru wake Desemba 1963 iliendelea kwa miaka hamsini zaidi kuwagawia mali wake na waume waliotalikiana kwa kipimo kilichotengenezwa London enzi za Malkia Victoria. Jinsi jambo hilo lilivyowezekana, na kilichowekwa mahali pa kipimo hicho, ni habari inayowahusu majirani wote wa Kenya, maana ndoa za Afrika ya Mashariki hazikujifunza kusimama mpakani.

Sheria ya 1882 yenyewe haikutungwa kwa nia mbaya. Kabla yake, kwa desturi ya mahakama za Uingereza, mke na mume walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ni mume. Fedha aliyokuwa nayo mwanamke siku ya harusi, mapambo yake na mshahara wake, vyote vilikuwa vya mumewe. Lakini mzigo ulikwenda pamoja na faida. Mume aliyepokea mali za mkewe alibeba pia madeni aliyoyafanya mwanamke huyo kabla ya kuolewa. Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilianza kumwachia mke mshahara wake, na kwa haraka yake likamfutia mume madeni ya mke bila kumnyang'anya mali aliyokwisha kuipokea kwake. Matokeo yake, wenye kudai walijikuta hawana wa kumshika: mke hana kitu, na mume hana deni. Ilibidi mwaka 1874 kosa hilo lirekebishwe. Ndipo ikaja sheria ya 1882, iliyosema kwamba kila mmoja katika ndoa ana mali yake, na kwamba mke atalipa madeni yake kwa mali yake.

Kwa mwanamke wa Kiingereza hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini sheria hiyo ilikuwa na upungufu mmoja ulioonekana baadaye. Kifungu chake cha 17 kilimruhusu mke au mume kwenda mbele ya jaji kuuliza mali fulani ni ya nani. Jaji aliruhusiwa kujibu swali hilo tu, basi. Hakupewa uwezo wa kuigawa mali upya kwa kutazama haki ya kila mmoja, wala kuhesabu miaka ambayo mmoja alipika, alilea na kulima wakati mwenzake akikusanya risiti. Mwenye risiti alikuwa ndiye mwenye mali.

Sheria hii iliingia Kenya kama mzigo uliopakiwa pamoja na mingine. Serikali ya kikoloni iliamuru kwamba sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897 zitumike pia katika himaya yake. Hakuna aliyekaa akafikiri kama zinafaa ndoa za Kisii au Ukambani.

Huko watu walikuwa na taratibu zao. Katika makabila mengi ndoa ilipovunjika suala kubwa lilikuwa ni ng'ombe wa mahari, warudishwe wangapi na kwa nani, na shamba lilibaki la ukoo wa mume. Mwanamke hakuondoka na ardhi, lakini maadamu ndoa ilikuwapo, kipande alichokuwa akilima hakikuwa cha mume kukiuza apendavyo. Pwani, kwa Waislamu, sheria ilikwisha kuwatenganishia mke na mume mali zao karne nyingi kabla ya Waingereza kulifikiria jambo hilo, na ikaongeza jambo lisilokuwamo katika sheria ya 1882: mahari isiyolipwa ni deni. Mume anayemwacha mkewe hali bado hajamkamilishia mahari anaondoka akiwa mdeni wa mwanamke huyo, na mbele ya Kadhi deni hilo hudaiwa kama deni jingine lolote.

Balaa kubwa zaidi lilitoka kwenye ofisi ya ardhi. Mwaka 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Swynnerton. Ardhi ya Waafrika ilipimwa, vipande vikaunganishwa, na hati zikatolewa ili mkulima apate cha kuwekea rehani akope. Hati hizo ziliandikwa kwa kawaida kwa jina la mwanamume, mkuu wa kaya. Kwa kalamu moja haki za mila za mwanamke juu ya kipande chake cha kulima ziliachwa nje ya daftari. Tangu hapo mume aliweza kupeleka hati benki peke yake, akarudi na fedha, na mke akapata habari siku dalali alipofika na nyundo yake. Ikatokea talaka, jaji aliyeshika kifungu cha 17 aliuliza: hati ina jina la nani?

Ni haki kusema kwamba viongozi wa Kenya huru waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1967 Rais Jomo Kenyatta aliteua tume mbili, moja ya kuchunguza sheria za urithi na nyingine, chini ya Jaji Spry, ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka. Tume ya ndoa ilitoa taarifa yake mwaka 1968, ikipendekeza sheria moja itakayowahusu wananchi wote bila kujali dini wala kabila. Na hapa historia ilifanya mzaha wake. Taarifa iliyoandikwa Nairobi ilichukuliwa Dar es Salaam. Serikali ya Tanzania, baada ya kuwatangazia wananchi mapendekezo yake mwaka 1969, ilitunga Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata mawazo ya tume ya Kenya. Kenya yenyewe ilipeleka muswada wake Bungeni mwaka 1976, ukakataliwa, na mwaka 1979 ukashindwa tena. Baadhi ya Wabunge walisema sheria hiyo ni ya kigeni na inaharibu mila, na wengine walilalamika kwamba inamnyima mume haki ya kumtia mkewe adabu. Waliokuwa wakipinga ugeni wa muswada ule hawakuona tabu kubaki na sheria ya Malkia Victoria. Mwaka 1971, mwaka ule ule Tanzania ilipopitisha yake, Jaji Trevelyan wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba sheria ya 1882 inatumika Kenya kwa watu wote.

Sheria ya Tanzania ilikuwa na kifungu cha 114. Kifungu hicho kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja igawanywe kati ya wanandoa wanaotalikiana. Katika kugawa, mahakama hutazama desturi ya jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto wadogo, na madeni ambayo mmoja wao aliyafanya kwa faida ya wote wawili. Baada ya kuyapima hayo inatakiwa ielekee kwenye usawa. Neno hilo la madeni ni fupi lakini lina uzito: mali na deni viliwekwa katika mizani moja.

Hata hivyo neno la sheria halijitafsiri lenyewe. Kwa miaka kumi na zaidi majaji wa Tanzania walitofautiana juu ya maana ya kazi na juhudi za pamoja. Wengine walisema kupika na kulea ni wajibu wa mke, si mchango. Ubishi huo ulifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameachika kwa amri ya Mahakama ya Mwanzo jijini Dar es Salaam mwaka 1980 alidai sehemu ya nyumba, akaambiwa hana haki kwa kuwa alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaotambuliwa na kifungu cha 114. Uamuzi huo hutajwa hadi leo katika mahakama za Tanzania, na nje yake pia.

Kinachosahaulika ni mwisho wa kesi yenyewe. Mwanamke yule alishindwa. Mahakama iliona kwamba wakati wa ndoa mumewe alimpa fedha za kuanzisha biashara kwa ajili ya familia, naye akazitapanya. Kwa hiyo akahesabiwa kuwa sehemu yake alikwisha kuila. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akiwa amewashindia wengine. Waliopenda hukumu ile kwa nusu yake ya kwanza hawana budi kuisoma na nusu ya pili, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba mizani ile inapima pande zote mbili: kazi isiyolipwa inahesabiwa, na fedha iliyopotea nayo inahesabiwa.

Huko Kenya majaji walijitahidi kufanya kazi ya ngozi mpya kwa kisu cha zamani. Mwaka 1975 Jaji Simpson alikutana na mume aliyedai kwamba kwa mila za Wakikuyu mwanamke aliyeolewa hamiliki mali. Jaji aliikataa hoja hiyo. Mke alikuwa na kazi ya mshahara, na mshahara wake uliingia katika matumizi ya nyumba na kumwachia mume nafasi ya kununua mali; akapewa theluthi moja. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ilimpa mke mwingine nusu kamili, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo ilionekana kama njia imefunguka. Wakati huo Uingereza yenyewe ilikwisha kuachana na kipimo cha kale. Kwa sheria zake za mwaka 1970 na 1973 iliwapa majaji wake uwezo wa kugawa mali upya, na kuwaagiza watazame pia kazi ya kutunza nyumba na kulea watoto.

Kisha mwezi Februari 2007 njia ikafungwa. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisikiliza shauri la mume aliyekuwa balozi na mke aliyefuatana naye katika kazi hiyo. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke nusu ya shamba lao huko Tigoni. Majaji wa rufaa waliipunguza ikawa robo. Walisema kuwa mke wa mwanadiplomasia, na kulea watoto, si mchango katika kununua mali. Panatakiwa mchango wa fedha, wa moja kwa moja au wa kuzunguka. Ajabu ni kwamba majaji hao hao waliona aibu ya jambo wanalolifanya. Katika hukumu hiyo walisikitika kwamba nchi inaendelea kufungwa pingu na sheria ya kigeni yenye umri wa miaka 125, ambayo wenyewe walioitunga waliiona haifai miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Walililaumu Bunge, wakatumia sheria ile ile, na mwanamke akapoteza robo ya shamba.

Katiba mpya ya Agosti 2010 ilileta matumaini. Ibara ya 45(3) inasema kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, katika muda wa ndoa, na ndoa inapovunjika. Muswada wa mali ya ndoa ulipofika Bungeni mwaka 2013 ulisema kwamba mali ya ndoa ni ya wote wawili kwa sehemu sawa bila kujali mchango. Wabunge waliubadilisha. Kifungu cha 7, kama kilivyopita, kinasema umiliki utafuata mchango wa kila mmoja. Ni kweli kwamba sheria imeeleza mchango kwa upana: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kumwandama mwenzio katika maisha, kusimamia biashara ya familia, na kazi ya shambani, vyote vimo. Katika jambo hilo Kenya iliifikia Tanzania ya mwaka 1983. Lakini mwanamke lazima aje mahakamani na ushahidi, na mtu aliyeamka alfajiri kwa miaka ishirini kuchota maji hakuwahi kupewa risiti na mto.

Ukiendelea kusoma sheria hiyo hadi kifungu cha 10, utakuta lugha imebadilika. Kifungu hicho kinahusu madeni. Madeni yaliyofanywa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa, wanandoa watayachukua kwa sehemu sawa. Hata deni ambalo mmoja alilifanya kabla ya ndoa kwa ajili ya mali fulani, mali hiyo ikiwa mali ya ndoa, deni lake litagawanywa nusu kwa nusu, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Wabunge walioona hatari kubwa katika neno usawa lilipokuwa kwenye nyumba na mashamba, hawakuiona lilipokuwa kwenye mikopo.

Chukua mfano wa mume aliyekopa katika chama cha ushirika cha kuweka na kukopa ili anunue lori la kusomba mazao, na mke mwenye genge la mboga. Ndoa ikivunjika, mke atatakiwa kuthibitisha mchango wake katika lori hilo, na huenda akaambiwa ni sehemu moja katika tano. Lakini kama mkopo haujaisha na ulichukuliwa kwa faida ya familia, sheria inampa nusu ya deni bila kumtaka mtu yeyote athibitishe kuwa mke ndiye aliyekula nusu ya faida. Watetezi wa kifungu hicho hujibu kwamba anayelipa deni la mali anachangia mali hiyo, hivyo malipo yake yatahesabiwa kumwongezea sehemu. Hoja hiyo ina nguvu kwa shilingi iliyolipwa kabla ya talaka. Haina nguvu kwa shilingi itakayolipwa baada ya jaji kugawa na watu kwenda zao. Tena lori linaweza kupata ajali likawa chuma chakavu. Asilimia ya mali ikawa asilimia ya bure, na nusu ya deni ikabaki palepale.

Kuna ngao moja ambayo haipaswi kusahauliwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila mwenzi anayeishi humo kutia saini. Siku za kwenda benki peke yake na hati ya mwaka 1960 zimekwisha kwa upande wa nyumba.

Majirani wengine wamepita njia zao. Uganda, ambayo sheria yake ya talaka ina asili ya mwaka 1904, ilitazamia kwamba Katiba ya 1995 ingeleta nusu kwa nusu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema mali ya mtu haigeuki kuwa ya wote wawili kwa sababu tu ya harusi, na mwaka huo huo muswada wa ndoa na talaka ukakwama Bungeni. Katika Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume ili afanye mikataba. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Rwanda ndiyo iliyochukua hatua ya namna ya pekee. Mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari, nchi yenye wajane wengi wasiokuwa na hati ya kitu chochote ilitunga sheria inayowataka wanaooana wachague mapema: kuchanganya vyote, kuchanganya vitakavyochumwa pamoja tu, au kila mmoja abaki na chake. Wanaochagua kuchanganya vyote huchanganya mali pamoja na madeni, ya sasa na yajayo. Hapo bwana na bibi harusi wanasikia habari ya deni siku ya arusi.

Nchini Kenya, chama cha wanawake wanasheria, FIDA, kilikipinga kifungu cha 7 mahakamani kwa hoja kwamba haki sawa ya Katiba maana yake ni sehemu sawa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikataa. Suala hilo hatimaye lilifika Mahakama ya Juu kwa kesi nyingine ya wanandoa waliooana mwaka 1990. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha, na Mahakama ya Rufaa ikampa nusu ya vyote. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliithibitisha nusu hiyo, lakini ikaeleza kwamba Katiba haimpi mtu nusu kwa sababu tu alikuwa katika ndoa, na kwamba kila kesi itapimwa kwa mchango uliothibitishwa. Na kwa vile madai hayo yalifunguliwa kabla sheria mpya haijaanza, majaji walisema sheria inayotumika katika shauri hilo ni ile ya mwaka 1882.

Kifungu cha 10 hakikuwa na nafasi katika kesi hiyo.